Kiyoyozi kikubwa, ubaridi zaidi?

SWALI: Duka langu la simu Luthuli Avenue lina mita 4 kwa 5. Fundi anasisitiza ninunue kiyoyozi cha BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), eti kikubwa hupoza haraka. Nimsikize?

JIBU: Usimsikize. Mita 20 za mraba mara BTU 600 kwa kila mita ni 12,000, yaani kilowati 3.5 hivi za ubaridi. Kila mtu anayezidi wawili, ongeza 600. Dirisha la magharibi lisilo na pazia, ongeza asilimia 10. Cha 24,000 kitashusha joto upesi, kompresa (pampu ya gesi ya kupoza) izime kabla koili (mabomba baridi ya ndani) haijavuta unyevu, kisha iwake tena punde si punde. Duka litakuwa baridi lakini lenye unyevunyevu, na huko kuwakawaka ndiko huua kompresa. Ukubwa wa kasha nao usikudanganye: soma BTU kwenye kibandiko cha ubavuni.