Kaka, refa hakumuonea mdogo wako

Umeuliza kwa nini kwenye judo dogo kapewa shido, yaani adhabu ndogo, kwa kushika mguu wa mpinzani wakati wewe ulifundishwa hivyohivyo zamani. Naelewa inauma, ila kushika miguu kulianza kubanwa 2010, 2013 kukapigwa marufuku kabisa mkiwa mmesimama, iwe unashambulia au unajilinda, na kipindi kile ulikuwa unatolewa moja kwa moja, siku hizi ni shido, ila zikifika tatu ndo basi tena, unatolewa.

Morote-gari, ile ya kumwangusha mtu kwa kumshika miguu yote miwili, aisahau. Kata-guruma, ile ya kumrusha mtu kupitia mabegani, bado ipo, tena naipenda sana, ila mkono uliokuwa unazunguka paja sasa utafute sehemu nyingine, yaani dogo anavuta mkono wa mpinzani kwa nguvu, anashuka magoti chini ya tumbo lake, anamviringisha mgongoni. Shida ni mazoea, mkono unaenda mguuni wenyewe. Vijana wangu hapa Kinondoni nawaambia washike mkanda wao kwa mkono huo, warudie taratibu bila kurusha, hata wiki mbili.

Halafu ile pointi ndogo inayoitwa "yuko" imerudi 2025, akimbana mtu chini sekunde 5 tu inahesabika, kwa hiyo mazoezi ya chini msiyaruke kabisa.