Kompyuta nzito, RAM haijajaa

Kama dirisha linajivuta ukiliburuta kwenye mfumo wa Ubuntu, feni inavuma na RAM bado ipo, usikimbilie kununua RAM. Sakinisha kifurushi cha mesa-utils, kisha kwenye tamino (dirisha la kuandika amri) andika: glxinfo | grep "OpenGL renderer". Likitokea neno llvmpipe, kadi ya picha haitumiki; prosesa ndiyo inachora kila kitu, menyu hadi kivuli cha dirisha. Mara nyingi mchawi ni nomodeset, neno linaloizuia Ubuntu kuendesha kadi ya picha kikamilifu, iliyowekwa wakati wa kusakinisha ikasahaulika. Fungua faili kwa sudo nano /etc/default/grub, futa neno nomodeset tu, uache "quiet splash", kisha hifadhi. Endesha sudo update-grub, washa upya. Skrini ikibaki nyeusi, bonyeza e kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha Ubuntu) urudishe nomodeset kwa muda. Kama kadi ni Nvidia, huenda draiva (programu ya kuendesha kadi) ndiyo haipo; isakinishe kwa sudo ubuntu-drivers install.