Nikipumzika wiki moja, kazi itaharibika?

Swali: Nakarabati nyumba mwenyewe. Sebuleni nimemaliza plasta juzi, chumbani nimepaka rangi nusu ya ukuta, sasa mgongo umegoma. Nikiacha wiki nzima, je?

Jibu: Pole, ndugu yangu, pumzika. Plasta mbichi ya saruji hata ungekuwa na nguvu ningekuzuia kuipaka rangi. Kwa kawaida husubiriwa takribani siku 28. Ila wiki hii ya kwanza inyunyizwe maji, isije ikapasuka (watume vijana, wewe usiiname). Kinachonitia wasiwasi ni ile nusu ya ukuta. Ukikomea katikati, alama ya maungio utaiona kila ukiwasha taa. Jikaze ufike kwenye kona, kisha rola ioshwe siku hiyohiyo. Saruji iliyofunguliwa ifunge vizuri, uiinue kutoka sakafuni.