Linux inakwama sekunde 90 ikiwaka

Pole kaka. Kama kompyuta ya steshenari hapo Mafinga inasubiri sekunde 90 kisha inakutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura, tafadhali usipige Linux upya, utapoteza kazi za wateja bure. Huo ndio muda ambao systemd (programu inayoiwasha Linux) kwa kawaida huisubiri diski iliyoandikwa kwenye /etc/fstab (faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka), na wewe umesema ile ya nje uliichomoa juzi. Ingiza nywila ya root (mtumiaji mkuu), andika `systemctl --failed` uone kilichoshindwa, na `journalctl -xb` kwa maelezo. Kisha fungua faili hilo kwa `nano /etc/fstab`: kwenye mstari wa diski hiyo, baada ya defaults weka mkato na nofail (yaani diski isipokuwepo, endelea kuwaka), bila nafasi katikati. Washa upya. Mimi huku Uyole ndivyo nilivyopona.