Madrasa ya jioni, au shule ya kutwa?

SWALI: Assalamu alaykum Ustadh. Nina madrasa kwenye baraza ya msikiti hapa Arua, Uganda, watoto 64, walimu wawili. Tunasoma baada ya swala ya alfajiri, tena jioni kabla ya magharibi. Wazazi wanataka tuigeuze iwe shule ya kutwa, watoto waache shule ya serikali. Nahitaji kibali? Isitoshe, mwalimu mkuu wa shule jirani analalamika kwamba watoto wetu wa darasa la saba wanasinzia darasani.

JIBU: Wa alaykum salaam, Maalim. Mwalimu mkuu ana haki, tuanze na yeye. Wa darasa la saba wengi hutakiwa shuleni mapema. Ukiwashika alfajiri, wakienda kule wamechoka, wakirudi kwako jioni wamechoka zaidi. Waondolee alfajiri mwaka huo. Hifdhi yao mpya, yaani kuhifadhi aya mpya, isogezwe Jumamosi, jioni iwe ya muraja'a tu, kurudia walizokwisha kuhifadhi. Kwa mfano, Suratul-Mulk ina aya 30. Aya 3 kila Jumamosi, Jumamosi 10 zinaimaliza, na muhula bado una siku.

Kuhusu kibali: Katiba ya 1995, kifungu cha 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na kifungu cha 29 kinalinda uhuru wa kuabudu. Hakuna anayekuzuia kufundisha Qur'ani. Lakini siku utakapofundisha hesabu na sayansi kutwa nzima, umekuwa shule binafsi chini ya sheria ya elimu ya 2008. Unaanza na leseni, kisha usajili, na walimu wawe wamesajiliwa. Vyoo na madarasa navyo vitakaguliwa. Kwa baraza na walimu wawili, usithubutu. Nimeona wazazi wanaosukuma hivyo, ada ikifika hawaonekani.

Kuna jambo wengi hawalioni. Kwenye mtihani wa darasa la saba wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, karatasi ya maarifa ya jamii ina maswali ya dini, na mtoto huchagua ya Kiislamu au ya Kikristo. Kwa hiyo somo lako limo ndani ya mtihani wa serikali! Tatizo ni lugha. Mtoto anakutajia nguzo za udhu kwa Kiarabu bila kukwama, akikutana nazo kwa Kiingereza anatazama dari. Tenga nusu saa kila wiki, mwalimu mmoja awasomeshe mambo yale yale kwa Kiingereza. Ukienda kwa mwalimu mkuu na mpango huo, mazungumzo yatabadilika. Huenda akakupa hata chumba.

Weka pia daftari: jina, sura, kutoka aya hadi aya, makosa, saini ya mwalimu. Bila hilo, mtoto anayehama ustadh anaanzishwa upya Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, aliyokwisha kuimaliza, na hapo ndipo wanapotoroka.

Kiboko hujakiuliza, nakitaja mimi. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko katika taasisi za elimu, na usidhani baraza ya msikiti itakuokoa kwa kuwa haina kibao cha shule. Fimbo iliyo pembeni ya mswala wa mwalimu, iondoe leo, hata kama ni ya kuelekezea herufi ubaoni. Tumia chaki.