Muulize Mwalimu: Waseminole walishinda au walishindwa?

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha pili amesoma kwamba Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, hawakuwahi kusalimu amri kwa Marekani. Lakini kitabu hichohicho kinasema wengi wao walihamishiwa Oklahoma. Ananiuliza lipi ni kweli, nami sina jibu. — Msomaji, Morogoro*

Marahaba. Mwambie yote mawili ni kweli, ila aanzie kwenye jina lenyewe. Wahispania walimwita aliyetorokea porini cimarrón. Wenyeji wa huko wakalitamka kwa ulimi wao, likaishia kuwa Seminole. Yaani mtoro. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na kwetu neno hilo lina uzito: wazee walitusimulia habari za watoro waliokimbia mashamba ya pwani wakajenga Fuladoyo, na wengine wakapokewa Witu.

Florida nako kulikuwa na watoro, Waafrika waliokimbia utumwa Georgia na Carolina. Walijenga vijiji vyao jirani na Waseminole, wakalima, wakawapa wakuu wa Waseminole sehemu ya mavuno, na wakamiliki bunduki. Wenye mashamba wa Marekani hawakulivumilia hilo. Kwa hiyo sheria ya kuwahamisha wenyeji ilipopita mwaka 1830, Waseminole hawakudaiwa ardhi peke yake. Walijua wakikubali kuhama, ndugu na majirani zao weusi watakamatwa na kurudishwa utumwani. Vitabu vingi vya shule hulipita jambo hili haraka, nami naona ndilo kiini cha vita vyote. Jenerali Jesup, aliyetumwa kuwapiga, aliandika mwenyewe mwaka 1836 kwamba hivi ni vita vya watu weusi, si vya Wahindi Wekundu.

Vita vikubwa, vya pili kati ya vitatu, viliwaka tarehe 28 Desemba 1835, kikosi cha Meja Dade cha askari zaidi ya 100 kilipovamiwa njiani na karibu wote wakauawa. Vilidumu hadi 1842. Marekani ilipoteza askari wapatao 1,500, wengi wao kwa maradhi ya vinamasi.

Oktoba 1837 Osceola, kiongozi wa vita wa Waseminole, alikuja kwenye mazungumzo chini ya bendera nyeupe. Jesup akaamuru akamatwe palepale. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na hapo sauti yangu hubadilika kila mara. Osceola alifia kifungoni Januari 1838, na daktari aliyemtibu akamkata kichwa, akakichukua.

Lakini wenzake hawakungoja kufa. Coacoochee, mkuu wa Waseminole, na John Horse, Mseminole mweusi, walikuwa wamefungwa katika ngome ya mji wa Mtakatifu Augustino huko Florida. Dirisha lilikuwa juu sana, na jembamba. Coacoochee alisimulia baadaye kwamba walijikondesha kwanza, wakakata magunia waliyolalia na kuyafanya kamba. Usiku alipojipenyeza, mawe yalimchubua kifua na mgongo, akaanza kuteremka kwa kamba kichwa kikitangulia. Watu wapatao 20 walitoroka. John Horse hatimaye aliwavusha watu wake hadi Mexico, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa.

Maelfu walisafirishwa, hilo halifichiki. Vita vya tatu vilipoisha mwaka 1858, walibaki mia chache tu kusini, pamoja na mzee Abiaka, ambaye hakukubali kuondoka. Waliishi katika nyumba zisizo na kuta, sakafu imeinuliwa juu ya maji, na unga wao ulitoka kwenye mzizi wenye sumu, uliopondwa na kuoshwa tena na tena, kama tunavyouhangaikia muhogo mchungu. Vizazi vyao wako hukohuko Florida mpaka leo.

Mtafutie binti ramani. Aweke kidole Tampa, watu walikopakiwa melini, akipeleke New Orleans, apande nacho mto Mississippi, kisha aingie magharibi hadi Oklahoma. Halafu akirudishe Florida, kusini ya ziwa Okeechobee. Huko ndiko alikobaki Abiaka.