Kupimwa tatizo la haiba Dar es Salaam: niliyopitia hadi kupata jibu

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba una miaka 24, unaishi Tabata, na kwamba dodoso ulilojaza kwenye simu limekuambia una tatizo la haiba lile linaloitwa bodalaini (borderline), ambalo humfanya mtu ayumbe sana katika hisia na mahusiano yake. Unataka kujua uanzie wapi ili upate jibu la daktari, kama ni lazima mama yako ahusishwe, na kazini useme nini. Nakujibu kwa urefu kwa sababu miaka 6 iliyopita nilikuwa na maswali hayo hayo, na nilipoteza muda mwingi kabla ya kuelewa namna ya kuyauliza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kliniki nikiwa nimekwisha kujipa jina la ugonjwa, yaani bodalaini. Ilikuwa kliniki binafsi. Nilimweleza daktari mambo niliyoyasoma, kwa maneno yale yale niliyoyasoma, naye baada ya dakika zisizozidi 20 akaniambia kwamba ni baipola, ugonjwa wa vipindi vya furaha au msisimko uliopita kiasi na vipindi vya huzuni nzito, na kuniandikia dawa mbili. Sikuulizwa nilikuwaje nikiwa mtoto, sikuulizwa kuhusu pombe, wala sikuchukuliwa damu. Nilimeza dawa hizo kwa miezi 5, mwili ukawa mzito, na ugomvi nyumbani ukabaki vile vile. Magonjwa hayo mawili huchanganywa mara nyingi, kwa kuwa yote hubadilisha hisia. Lakini katika baipola hali moja hudumu kwa siku au wiki nzima, ilhali mwenye bodalaini anaweza kupanda na kushuka ndani ya saa chache, mara nyingi baada ya jambo lililotokea kati yake na mtu wake wa karibu. Kuyatofautisha hayo kunahitaji mtu aulize matukio, na mimi sikuwa nimepeleka tukio hata moja.

Kwa mkazi wa Tabata, hospitali ya rufaa iliyo karibu ni Amana. Mwananyamala na Temeke nazo zina huduma ya afya ya akili, na kesi ngumu hupelekwa Muhimbili. Ukiwa unatumia bima, pitia kwanza kituo chako cha afya upate barua ya rufaa. Omba kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba. Mshauri nasaha anaweza kukusaidia sana kwa mazungumzo, lakini utambuzi wa tatizo hili si kazi yake.

Daktari niliyempata mara ya pili alikataa kuniandikia jina lolote siku ya kwanza, na nilirudi nyumbani nimekasirika. Leo naona kwamba kukataa kule ndiko kulikoniokoa. Alisema nina sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na mtu aliyezama katika sonona akiulizwa juu ya maisha yake atajibu kwamba amekuwa hivyo siku zote, hata kama si kweli. Kwanza akapima tezi ya thairoidi iliyo shingoni, akaniuliza kwa kina kuhusu pombe, akatibu sonona kwa takriban miezi 3, ndipo akaanza kuchunguza kile kilichobaki. Uchunguzi wenyewe ulichukua mahudhurio 4. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, unaorodhesha dalili 9 za bodalaini na unataka zisizopungua 5, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 unataka hali iwe imedumu miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo swali kubwa la daktari huwa ni tangu lini na wapi kwingine: je, ni kwa mchumba wako tu, au pia shuleni, kazini na kwa ndugu?

Hapo ndipo shahidi anapohitajika. Mimi nilikwenda na dada yangu mkubwa, naye akasimulia jambo nililokuwa nimelisahau kabisa: nikiwa darasa la tano, rafiki yangu akichelewa kuja nilikuwa nachana daftari alilonipa na kuapa kwamba sitamsemesha tena, kisha jioni namfuata kwao nikilia. Daktari aliandika hilo kwa muda mrefu kuliko lolote nililosema mimi. Mama yako si lazima. Wewe ni mtu mzima na idhini ni yako. Anaweza kwenda shangazi au rafiki uliyesoma naye, hasa kama maumivu yako yanatokana na nyumbani. Ukimchagua mama, na akaamini kwamba hicho ni kiburi au ni majini, usibishane naye juu ya sababu. Mwombe asimulie tu aliyoyaona.

Nenda pia na karatasi yenye matukio kama 10, kila moja na mwaka wake, na uache sifa kama "nina hasira". Mimi niliandika kwamba mwaka 2017 niliacha kazi Kariakoo kwa sababu bosi hakuitikia salamu yangu.

Usikate tamaa ukipewa jina lisilo sahihi mwanzoni. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba ya mazungumzo inayotumika sana kwa bodalaini, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa na miaka 17, na wakati huo aliandikiwa skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia au kuamini mambo yasiyokuwepo. Mimi, kati ya zile dalili 9, zangu zilifika 6, na tiba niliyopewa ni mazungumzo ya kila wiki, kwa kuwa hakuna dawa maalumu ya kutibu haiba yenyewe.

Lakini kama wakati wowote unawaza kujidhuru, nakusihi usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata usiku, na mtu akusindikize.

Kuhusu kazini, si lazima barua ya daktari kwa mwajiri itaje ugonjwa. Niliomba iseme tu kwamba nahudhuria kliniki kila Jumatano asubuhi, na afisa utumishi aliipokea bila kuuliza zaidi.